Mke Wangu Alisema Hamna Harufu

Kama unakula, maliza kwanza ndiyo usome.

Mfuko wa uchafu uliokuwa unaning'inia ubavuni mwangu ulikauka ghafla. Nyumba nzima tukashangilia kwamba nimepona. Kesho yake nilikuwa natetemeka kwa homa, tumbo limevimba, natapika nyongo.

Ngoja nianze mwanzo.

Mimi ni muuza nyama. Utumbo naukamua kwa mikono hii, na chai nakunywa papo hapo. Nilidhani hakuna kitu duniani cha kunitia kinyaa.

Nilikatwa uvimbe kwenye kongosho. Upasuaji ulikwenda vizuri, ila kongosho likaanza kuvuja. Sasa sikilizeni: juisi ya kongosho kazi yake ni kuyeyusha chakula. Ikimwagika tumboni, inakuyeyusha wewe mwenyewe.

"Daktari, msinipasue tena," nikamwambia. "Nitafia mezani."

"Hata mimi sitaki. Mwili wako hauna nguvu hiyo," akasema. "Nitapitisha mpira mwembamba kwa sindano huku naangalia kwenye mashine. Uchafu utoke wenyewe. Ukigoma kutoka, hapo ndipo tutaongea mengine."

Hayo mengine sikutaka hata kuyasikia.

Sindano ikaingia ubavuni. Nilipigwa ganzi ya ngozi, pua wakaniachia. Yaliyotoka yalikuwa na rangi ya mchuzi uliolala, mazito, yana mabonge, yananuka yai viza. Na yalikuwa yangu! Nikageuza shingo nikatapika.

Nikarudi nyumbani na mpira, koki yake ndogo ya kufungua na kufunga, na mfuko.

"Mbona hamna harufu, mume wangu?" mke wangu akasema. "Unajisumbua bure."

Nilimpenda upya.

Shangazi yangu, aliyekuja kusaidia kuniuguza, yeye hakuwa na breki. Aliingia chumbani akaziba pua na upindo wa nguo. "We mtoto, umeozea ndani? Unanuka!" Akamwaga mfuko huku anang'aka, kisha akakimbilia nje kutapika. Kila siku ikawa hivyo hivyo, na kila siku nilizidi kumchukia. Nikamwambia mke wangu, huyu mama ana roho mbaya, aende zake.

Ndipo mfuko ukakauka. Na homa ikapanda.

Mke wangu na shangazi wakanipeleka hospitali, daktari akapitisha mashine tumboni. Uso wake ukabadilika.

"Kumejaa tena."

Nikaona kisu hiki hapa, na mimi sitoki mzima.

Daktari akaushika mpira, akaufuata kwa vidole taratibu mpaka kwenye koki. Vidole vikasimama hapo.

"Nani kaifunga hii?"

Sikusubiri. Nikamnyooshea shangazi kidole. "Kikulacho ki nguoni mwako! Ni huyu! Ndiye anayenionea kinyaa!"



"Ni mimi," mke wangu akasema.

Alikuwa anaangalia sakafu. "Usiku harufu ilikuwa inanishinda. Ukishalala na dawa zako nafunga koki, nachomoa mfuko, naupeleka nje. Alfajiri narudisha. Jana nilirudisha nikasahau kufungua."

"Si ulisema hamna harufu?"

"Ningekuambiaje? Wewe ni mume wangu."

Daktari akafungua koki. Lahaula! Uchafu ulitoka kwa kasi, mfuko ukafurika mpaka sakafuni. Uvundo ukatanda chumba kizima. Mke wangu akatoka mbio. Shangazi akainamia beseni akatapika, akajifuta mdomo, akarudi pale pale kitandani.

"Inanuka, mwanangu. Inanuka vibaya mno," akasema, kisha akamgeukia daktari. "Nipe mfuko mwingine, huu umejaa."

Nilitamani kitanda kinimeze. Usaha uliacha kunitia kinyaa siku ile. Kilichonichefua ni mdomo wangu na yale niliyomtamkia yule mama.

Daktari aliusafisha mpira kwa maji ya chumvi, homa ikashuka, na kisu sikukiona. Baada ya wiki kadhaa ukakauka kweli, wakautoa. Na mke wangu bado tuko pamoja, ila siku hizi nikinuka utumbo wa buchani ananiambia nikaoge.

Funzo ni hili, mwenye mgonjwa ndani. Usimdanganye. Mwambie ananuka, ziba pua, tapika ukitaka. Kisha rudi umshikie mfuko.