Hereni za Mama Dorah

Ghati alijifungua katika wiki ya ishirini na nane ya ujauzito, asubuhi ya Jumatatu, akiwa bado amefunga aproni anayovaa kwenye kibanda chake cha nyanya. Mtoto alikuwa wa kike. Muuguzi aliposoma mizani kwa sauti, gramu 940, Mwita, mume wa Ghati, aliuliza kama hizo ni pamoja na kitambaa.

"Bila kitambaa," muuguzi alijibu.

Mwita ni mchimbaji mdogo wa dhahabu karibu na Bugarama, na gramu anazijua. Alikaa kwenye benchi la nje akarudia ile namba mara mbili, kimyakimya.

Mtoto wakamwita Dorah. Alikaa siku kumi na tisa kwenye mashine iliyomsukumia hewa puani, kisha wiki nyingine sita akipewa oksijeni kwa mrija. Ghati alimbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, mchana kutwa na usiku, akiwa ameegemea mito miwili. Watoto njiti watano waliingia wodini wiki ile, na watatu ndio waliotoka hai. Dorah aliruhusiwa akiwa na kilo moja na gramu 980, na daktari aliwaita wazazi wote wawili akawaeleza hali ilivyo.

"Mapafu yake yalianza kazi kabla hayajamaliza kuumbika," alisema. "Hewa tuliyomsukumia ilimwokoa, lakini imeyaachia makovu. Atakua, nayo yatakua. Ila kwa miaka hii miwili ya mwanzo hana akiba. Msimwekee moshi wa kuni, wala mkaa, wala sigara. Na vumbi la karasha lisifike alipo."

Karasha ni mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na Mwita hushinda kando yake. Alitii. Alianza kuoga na kubadili nguo kazini kabla ya kurudi. Ghati aliligawa jiko lake la mkaa kwa jirani, na Mwita akanunua jiko dogo la gesi.

Siku tisa baadaye walikuwa wodini tena. Dorah alikuwa akihema haraka, ngozi ikiingia ndani chini ya mbavu, na kipimo cha oksijeni kilichofungwa mguuni kilisoma 84, wakati alipoondoka kilikuwa kinasoma 93. Alirudishiwa mrija na kupewa dawa. Siku ya nne akatulia, siku ya sita wakaruhusiwa.

Hawakumaliza wiki mbili nyumbani. Shadya, mwanamke wa Kahama aliyekuwa bado anakuza mapacha wake kwenye kitanda cha pembeni, alimwona Ghati akiingia mlangoni.

"He, Mama Dorah! Mara ya kwanza tulisema umesahau mswaki. Sasa leo umefuata nini?"

Ghati alicheka kidogo, kisha machozi yakamtoka. Shadya akasogeza vitu vyake ili apate pa kukaa.

Muuguzi wa zamu, Sista Euphrasia, aliuliza maswali yale yale. Mnapikia nini? Gesi. Kuna anayevuta sigara? Hakuna. Jirani anachoma takataka? Hapana. Ghati alijibu bila kusita, na majibu yote yalikuwa ya kweli. Sista aliandika, akafunga faili, akainama kumsaidia kumlaza mtoto. Hapo vichwa vyao vilikaribiana.

"Mama Dorah, hizi hereni zako ni za fedha?"

"Dhahabu, sista. Mwita alinipa nilipomtoa Dorah mara ya kwanza."

"Mbona nyeupe?"

"Zimechakaa."

"Dhahabu ya mwezi mmoja?" Sista Euphrasia alizaliwa Geita, na baba yake alikuwa mchimbaji. Alivuta kiti akakaa. "Ya mama yangu ilikuwa hivihivi. Nani anachoma zebaki ndani kwenu?"

Ghati aliinama kumfunika mtoto.

Wachimbaji wadogo husaga jiwe, huosha unga wake, kisha huchanganya zebaki, ambayo hunasa chembe za dhahabu na kufanya kidonge cha kijivu. Kidonge hicho kikichomwa, zebaki hupanda kama mvuke na dhahabu hubaki. Mvuke huo hauna harufu, na mara nyingi hauonekani. Ukiigusa dhahabu nyingine, unaigandia na kuifanya nyeupe.

Wengi huchomea kwenye mwalo, yaani pale mawe yanaposagwa na kuoshwa. Mwita alikuwa na sababu ya kutofanya hivyo. Mwaka uliopita mwenzake alichoma mbele za watu, na kabla hajafika kwake alikuwa amekatwa panga mkononi. Tangu hapo Mwita alichomea nyumbani, mlango umefungwa, na alimkataza Ghati kulitaja jambo hilo hata kwa mama yake mzazi. Mkaa ulipoondoka alihamia kwenye jiko la gesi, lile lile alilonunua kwa ajili ya mapafu ya mtoto. Ghati ndiye aliyemshikia tochi. Dorah alikuwa upande wa pili wa pazia.

"Mimi hapa sina karatasi ya polisi," Sista alisema. "Nina faili la mtoto. Ukiondoka bila kusema, tutamtibu, mtarudi. Siku moja mtachelewa njiani."

Ghati alizivua hereni moja moja, akaziweka mkononi mwa Sista.

"Ni Mwita," alisema. "Kila wakigawana mawe. Sikujua kama mvuke wake nao ni moshi."

Mwita aliitwa ndani. Alipoona hereni kwenye kiganja cha muuguzi alielewa, na akamgeukia mkewe.

"Umesema."

"Nimesema."

"Sasa mwalo mzima ujue nina kiasi gani? Waje na mapanga?"

"Una kiasi gani, Baba Dorah?" Sista aliuliza.

Mwita alitazama chini. "Gramu mbili. Wiki ikiwa nzuri, tatu."

"Mwanao akiongezeka gramu hizo, hatujui kama amenenepa au amekojoa kwenye nepi," alisema Ghati. Shadya akajifanya anafuta chupa.

Daktari alibadilisha maelezo kwenye faili. Aliagiza Dorah asirudi kabisa katika chumba kile, kwa sababu zebaki hukaa kwenye kuta, sakafu na godoro. Safari hii walilazwa siku kumi na moja. Mwita alizitumia kutafuta chumba kingine, upande wa pili wa barabara, mbali na makarasha. Godoro, pazia na jiko havikuhama nao.

Ijumaa iliyofuata alikwenda na kidonge chake kwenye mwalo. Mwenye mwalo alikuwa na chombo cha chuma chenye kifuniko na bomba lililopinda kuingia kwenye maji, ambamo zebaki hunaswa badala ya kuruka hewani. Kilikuwa kimetundikwa msumarini tangu siku ya semina ya kuwafundisha wachimbaji kukitumia. Mwita alikifuta utando wa buibui, akachoma. Alipofungua, watu walikuwa wamemzunguka.

"Ndiyo hii uliyokuwa unafungia mlango?" mmoja aliuliza. "Mwita, hata mwizi angekuchangia!"

Walicheka hadi wakakaa chini. Hakuna aliyemfuata njiani siku ile, wala baadaye.

Dorah sasa ana miezi kumi na minne. Akipata mafua, kifua chake hupiga filimbi na mama yake huhesabu pumzi kwa saa ya simu. Mara mbili amepelekwa hospitali na kurudishwa nyumbani siku hiyo hiyo. Hajalazwa tena.

Hereni zilikaa miezi kumi kwenye kichupa cha dawa kilichozibwa kwa nta, nje, chini ya bati. Mwezi uliopita Ghati alizipeleka kwa Hamza, sonara wa Kahama. Dorah alikuwa mgongoni, macho wazi. Hamza alizigeuza chini ya taa.

"Kazi ndogo hii, mama. Napasha moto kidogo tu, zebaki inatoka, zinarudi njano kama mpya. Kaa hapo usubiri."

Akanyoosha mkono kuchukua kibiriti.

"Ngoja," Ghati alisema. Alizirudisha kwenye kichupa, akakaza kifuniko, akatoka nje na mtoto wake.