Kufuata Nyayo za Askari Hadi Mulago

Jumanne asubuhi nilivaa helmeti mpya, nikafunga hema, ramani tatu na dawa ya nyoka kwenye pikipiki, nikaondoka kufuata njia waliyopita askari wa Kisudani zamani walipoletwa Kampala kutoka Ziwa Albert. Nilipokuwa napanda kilima cha Mulago, pikipiki ikazimika. Mama mmoja wa Kinubi, aliyekuwa akitoka hospitali na kapu la vyombo, akasimama. Nikamweleza safari yangu.

“Babu yangu alitembea hiyo njia na miguu,” akasema. “Bibi yangu iko nyuma, mtoto kwa mgongo, sufuria kwa kichwa.” Akaizunguka pikipiki, akagonga tangi kwa kidole. Likalia kama debe tupu. “Mwanangu, petroli ulisahau?”

Nilisahau kweli. Akaweka kapu lake juu ya hema langu, akasukuma kwa nyuma, mimi nikashika usukani, hadi kituo cha mafuta.

“Ssebo, umetoka mbali?” mhudumu akaniuliza, akiitazama mizigo yangu kwa heshima.

Nilitamani kusema Ziwa Albert. Lakini mama alikuwa akipangusa jasho huku akinitazama. Nikajibu, “Bugolobi, hapa hapa Kampala,” na chai ya nyumbani ilikuwa bado ya moto tumboni.