Bibi na Madam Solange

Nikisikia popote harufu ya karafuu na maharage yanayotokota kwenye tui, narudi Tottenham, kwenye mgahawa wa Madam Solange, Mhaiti aliyekuwa akipika chini ya fleti yetu tangu kabla sijazaliwa. Mpaka leo anapika.

Nilikuwa na miaka tisa bibi alipokuja kutoka Tanga kukaa nasi. Mama ni nesi, alikuwa akitoka kazini usiku, hivyo nikitoka shule tulibaki wawili. Bibi aliongea Kiswahili, mimi nikamjibu kwa Kiingereza, lugha asiyoijua. Msidhani ni kiburi. Kiswahili nilikielewa chote, ila kikifika mdomoni kilinitia aibu. Siku moja nilimsikia akimwambia mama, "Mwanangu, huyu mtoto hanitaki." Niliumia, na bado kesho yake nikamjibu kwa Kiingereza.

Fleti ilikuwa na baridi, tukawa tunashuka kwa Madam Solange kuota joto la jiko lake. Alitupa samaki, ndizi za kukaanga, na kachumbari ya kabichi yenye pilipili iliyonitoa machozi. Jioni moja akaniambia, kwa Kiingereza chake kizito, "Muulize bibi yako, kwao maharage ya nazi wanayapika na nini?"

Sikuwa na pa kukimbilia. Nikajikaza. "Bibi, anauliza... wewe unapikwa na nini?"

Bibi aliweka kijiko chini, akanitazama. "Mwambie mimi bado mbichi, mjukuu wangu." Kisha akacheka mpaka mtandio ukamdondoka. Nami nikacheka, na Madam Solange, ambaye hakuambulia hata neno, akacheka kutushinda.

Tangu hapo Madam Solange hakuniachia. Kila jioni alikuwa na swali: tui mnalichuja na nini, samaki mnamuunga vipi, bibi aliolewa wapi. Nilidhani maskini hajui kupika, nikamwonea huruma. Kufikia siku bibi anarudi Tanga, nilikuwa namsimulia mambo ya shule kwa Kiswahili bila kuulizwa na mtu.

Nilishakuwa mtu mzima nilipong'amua kwamba majibu yale Madam Solange hakuyahitaji. Wajukuu zake mwenyewe, akiwasemesha kwa lugha ya kwao, walimjibu kwa Kiingereza; upweke wa bibi yangu aliujua vizuri. Miaka ya baadaye bibi alipougua, mama hakulazimika kukaa katikati yetu kwenye simu. Tuliongea wenyewe, bibi na mimi, mpaka sauti yake ikachoka.