Wanaovua Sweta Getini

Majina sitayataja, maana tunaishi mji mmoja. Vyeo nitavitaja. Aliyeniua sikio la kushoto ni mwalimu wa nidhamu wa sekondari niliyosoma Njombe, kwa kofi moja, nikiwa kidato cha pili. Na baba yangu, mkulima, mzee wa kanisa, alipoitwa shuleni alikwenda na jogoo kumwomba mwalimu radhi kwa usumbufu wangu. Akamwambia, "Mwalimu, mtoto ni wako. Chapa, mimi niachie macho tu." Sikio hakulitaja. Sikurudi tena. Huo ndio usomi wangu wote.

Sasa nauza viazi Makambako, na binti yangu yuko kidato cha tatu. Anayeijua Makambako ya mwezi wa saba anaujua upepo wake. Shuleni kwao mchelewaji anavua sweta kwanza pale getini, anaikunja, anaiweka chini, ndipo anachapwa mgongoni, kwa sababu walimu walishtukia kwamba wanafunzi wanavaa sweta mbilimbili. Kwamba binti yangu naye anachapwa, sikuambiwa na mtu. Niliona siku anaosha nywele uani, kanga imeshuka, mgongo una mistari kama shamba lililopigwa matuta.

Nikamuuliza ni nani. Akacheka. Akasema ni Transfoma, mwalimu wao wa nidhamu, ila siku hiyo alichapa kawaida tu. Akaanza kunichambulia walimu wake kama mtu anavyochambua wachezaji wa mpira: huyu ana mkono mzito, yule anachapa huku anakutania. Akasema waliwahi kuja watu wa ofisini kutoka Njombe, wakauliza darasa zima ni nani amefanyiwa ukatili. Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Hata wewe?"

"Mama, ukatili ni mtu akukabe kichochoroni. Ile ni shule."

Kikao cha wazazi kilikuwa Jumamosi. Binti yangu alinisihi nisiseme kitu, nitamharibia. Nilikwenda nimeamua kukaa kimya. Lakini mwenyekiti wa wazazi, mwenye duka la pembejeo, akasimama akasema watoto wa siku hizi wana viburi, walimu wasiogope, wawachape, sisi watuachie macho. Ukumbi ukapiga makofi. Kina mama wenzangu wa sokoni nao wakapiga.

Nikasimama. Nikamnyooshea kidole mwalimu wa nidhamu, nikasema huyu ndiye anayewavua watoto sweta kwenye baridi ili fimbo iingie vizuri, na ninyi mnaopiga makofi ndio mnaomshikia watoto. Nikasema mimi upande huu sisikii, na aliyenifanya hivi alipelekewa jogoo.

Mama mmoja nyuma akasema, "Mama Viazi, kwani akili nayo ilikuwa kwenye sikio hilohilo?"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mwalimu hakupandisha sauti. Akasema mzazi amesikika, mtoto wake hataguswa tena.

Na akatimiza. Jumatatu alimsimamisha binti yangu pembeni na sweta yake, wenzake wakachapwa mbele yake, akawaambia wasimsogelee sana, hilo ni yai, litapasuka. Likawa ndilo jina lake. Wasichana aliokuwa akitembea nao wakaanza kumpita njiani bila salamu. Jumatano binti yangu alisukuma kikombe cha chai.

"Nenda kamwambie anichape kama wengine."

Nikamwambia siendi, hata shule ikifungwa siendi.

"Basi nitamwambia mwenyewe."

Alhamisi alirudi na rafiki zake, nikawasikia kabla hawajafika, wanacheka barabara nzima, wanamwambia yai leo limekaangwa. Naye anacheka kuliko wote. Alijipanga mwenyewe kwenye mstari, wala hakuwa amechelewa. Alivua sweta bila kuambiwa, na mwalimu mtu mzima, mwenye watoto wake nyumbani, akamchapa.

Ndani alikaa kwenye kigoda, hawezi kuegemea ukuta. Nilipompaka mafuta mgongoni akaniambia, "Taratibu, Mama," maana hasira ilikuwa imenishuka mpaka vidoleni.

Mwalimu wa nidhamu, mgongo ule ni kazi yako. Mwenyekiti, ni yako pia. Na ninyi kina mama mliopiga makofi, kesho tutakuwa wote sokoni, na nitawatazama usoni mmoja mmoja.