Picha ya Saluni Iliyofagiliwa

Kazi ya Mama Chanuo ni kushika vichwa vya watu. Sasa gonjwa la dunia nzima lilipoingia, na watu wakakatazwa kushikana hata mikono, nani angempelekea kichwa? Saluni ikafa kifo cha polepole. Ilianza kuondoka mashine ya kukaushia nywele, likafuata sinki, mwisho viti. Vyote aliuza ili watoto wale. Alibakiwa na chumba, kioo na mdomo wake, na huo mdomo haukuwahi kupata mnunuzi.

Gonjwa lilipotulia na marufuku kuondolewa, halmashauri ikatangaza ruzuku kwa biashara ndogo zilizoumizwa na gonjwa. Akaomba, akaambiwa afisa atakuja kukagua. Asipoipata, chumba kinarudi kwa mwenyewe mwisho wa mwezi.

Mtu mwingine angewaacha buibui watande. Yeye, ambaye mgeni hajawahi kumkuta na vumbi, alipiga deki mpaka sakafu ikang'aa. Kinyozi jirani akamwazima viti, shoga yake fundi cherehani akaleta mapazia, na wateja wa zamani wakaja kukaa wakiwa wamependeza. Afisa aliingia, akakaribishwa kiti, akatazama huku na huku, akafunga faili.

"Hongera, mama. Biashara yako imepona. Ruzuku ni ya walioumia."

Nguo ya kuazima haisitiri makalio, walisema wahenga. Hii ilisitiri mpaka ikamponza mvaaji. Mama Chanuo akajikaza kisabuni.

"Shoga, toa mapazia yako. Kinyozi, beba viti. Nyie wengine, nje!"

Kufumba na kufumbua, chumba kikabaki kitupu. Afisa naye alinyanyuliwa kitini hajamaliza kushangaa, akacheka kwa haya. Hakuwa mtu mbaya.

"Basi ngoja nikupige picha. Ila mwaga takataka kidogo hapo, mama. Na usinikazie macho hivyo. Onyesha huzuni, wakubwa waone umeumia."

Hapo damu ikamchemka.

"Huzuni ninayo, mwanangu, tena ya kutosha. Mashine yangu nimeililia mpaka macho yakavimba. Lakini nililia kwangu, mlango nimefunga. Takataka simwagi! Kwani asiye nacho lazima awe mchafu ndiyo mumwamini?"

"Wanaweza kukataa, mama."

"Wakatae. Piga."

Akasimama katikati ya chumba, kidevu juu, mikono kiunoni. Afisa akapiga picha, akairudia, akatikisa kichwa. Akasema hawezi kuahidi kitu.

"Sijakuomba uahidi. Nimekuomba uone."

Afisa alipotoka, Mama Chanuo alitandika mkeka chini, akachungulia nje walikosimama wateja wake.

"Haya, nani wa kwanza? Sakafu safi hiyo, ingieni mkae!"