Moto wa Mzazi

Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa Buffalo mwezi wa kwanza, theluji imefunika ngazi za nyumba yetu ya Riverside. Nilijifungua kwa kupasuliwa. Siku niliporudi nyumbani, mama mkwe alikuwa ameshafika kwa basi kutoka Louisville, na alikuwa ameshapanga chumba changu bila kuniuliza. Godoro liko chini, hita ya umeme iko kando yake kabisa, kama tunavyomlaza mzazi karibu na mafiga kule kwetu milimani, Kivu ya Kusini.

Kwa ukoo wa mume wangu, moto wa mzazi hauzimwi mpaka kitovu cha mtoto kidondoke. Ukizimika, ati mtoto atakuwa mdhaifu. Kule ni kuni, na kuna bibi wa kuzichochea. Huku hita ile iliwaka mchana na usiku, na kwa kuwa soketi ilikuwa mbali, aliiunganisha na ralonji, ule waya mwembamba wa kuongezea tuliokuwa tunachajia simu. Halafu, kwa vile wageni wangekuja kuona mtoto, na waya sakafuni aliona ni aibu, akaulaza chini ya kapeti.

Mimi nilijua. Kwenye ghala ninapofanya kazi, kila baridi ikianza wanatukalisha na kutueleza: hita ichomekwe ukutani moja kwa moja, isikae karibu na matandiko, na waya usifunikwe maana joto lake litakosa pa kutokea. Lakini mkamwana ataanzia wapi kumfundisha mama mkwe? Kwetu hata kumkazia macho ni utovu wa adabu. Neno lako linapitia kwa mume. Nikamwambia mume wangu, "Mwambie mama yako ule waya utatuua."

"Bon, nitamuambia," akasema.

Kesho yake nikamuuliza tena. "Nitamuambia, donc! Uniache nipumzike." Loo! Mwanaume anabeba maboksi kutwa nzima kiwandani, lakini sentensi moja kwa mama yake inamshinda. Nikameza hasira zangu. Nikawa ninalala jicho moja wazi, napapasa kapeti kama mtu anayepima homa ya mtoto.

Jumapili baada ya ibada, akina mama wa kanisa wakaja. Chumba kikajaa, wengine wamekaa pale pale kwenye kapeti, wanaimba, chai inazunguka. Mtoto alikuwa amelala kwenye godoro. Nikasikia harufu ya plastiki. Nikasema kwa upole kwamba kuna kitu kinaungua.

"Ni vumbi ya hita," mama mkwe akajibu mbele ya wote. "Hawa bamama ya siku hizi, kila kitu banaogopa!" Wakacheka.

Kapeti likaanza kutoa moshi. Mwali mdogo wa moto ukapanda kwenye ncha ya blanketi. Nikamnyakua mtoto, nikampa mgeni aliyekuwa karibu, nikapiga kelele watoke. Mama mkwe yeye akashika beseni la maji ya kumwogeshea mtoto ili aumwagie ule moto, miguu peku, umeme bado uko kwenye waya. Nikalipiga lile beseni kwa mkono, maji yote yakammwagikia yeye.

"Usimwage maji! Unataka kufa?"

Ndivyo nilivyomwambia, na ningemwambia tena leo. Nikashuka ngazi mwenyewe mpaka chini kwenye kisanduku cha umeme, nimeshika tumbo, nikazima swichi kubwa. Niliporudi juu, mgeni mmoja alikuwa ameliburuta blanketi nje kwenye theluji. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, anamfuta mama yake kwa taulo. Wazima moto walikuja wakamalizia kapeti. Godoro lilikuwa na tundu jeusi pale kilipokuwa kichwa cha mtoto.

Mnadhani kikao cha ukoo kiliitishwa kwa ajili ya tundu hilo? Thubutu! Baba mkubwa wa mume wangu, ambaye ndiye mzee wa ukoo na anaishi Columbus, alipiga simu, tukaifungua sauti ili wote wasikie. Aliuliza jambo moja tu: ni kweli nilimmwagia mama mkwe maji mbele ya watu? Nikasema ni kweli, nikaanza kueleza habari ya waya.

"Ya waya tutaongea siku ingine," akanikata. "Sasa tuko mu mambo ya heshima."

Nikamtazama mume wangu aseme neno. Alikuwa anachokonoa kucha.

Nikapiga magoti. Mshono wangu ulikuwa umeachia siku ile niliposhuka ngazi kuzima umeme, hospitalini wakaushona upya, kwa hiyo nilishuka polepole huku nimeshikilia kiti, na hakuna aliyeninyooshea mkono. Nikaomba msamaha. Mama mkwe akalia, akasema amenisamehe, na wote, wa kwenye simu na wa chumbani, wakamshukuru kwa moyo wake mkubwa. Mtoto alikuwa mapajani pa jirani mmoja, anakohoa tangu siku ya moshi. Hakuna hata mmoja wao aliyeuliza anaendeleaje.