Medali Nne za Sajini Bakhit

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika fedha wala dhahabu. Mwenye duka, sonara Mhindi tuliyemwita Fundi Mkuu, alinikalisha mbele ya bakuli zito la chuma lililojaa lami ngumu, akaniagiza niipashe moto mpaka ilainike. Katika kazi yetu, lami hiyo ndiyo hukishika kipande cha fedha kisicheze unapochonga herufi. Nilikuwa nimetoka Mbale kuja Jinja na nguo nilizovaa tu. Jioni mikono yangu ilikuwa myeusi hadi viwikoni. Fundi Mkuu akaitazama, akasema, "Wamono, kesho rudi."

Mwaka wangu wa tatu aliingia dukani Hajati Zamzam, mama wa Kinubi kutoka Bugembe. Babu yake, Sajini Bakhit, alikuwa askari wa mfalme wa Uingereza, mmoja wa wale ambao wazee wao waliletwa kutoka Sudani. Hajati alifungua leso, akatoa medali nne zilizopangwa kwenye pini moja, tepe zake zimeliwa na mende. Fundi Mkuu alizishika ukingoni, kama alivyotufundisha, maana jasho la vidole huila fedha. Kwenye ukingo huo ndiko huchongwa namba ya askari, cheo na jina lake. Alisoma zote nne taratibu, kisha akasimama.

"Simama na wewe, Wamono. Hii ya kwanza ni ya ushujaa. Nimefanya kazi hii tangu ujana wangu na sijapata kuishika. Na zote nne zina jina moja! Kwa kawaida hutawanyika. Moja huuzwa, nyingine huyeyushwa ikawa bangili. Mama, babu yako alifanya nini?"

"Aliwavusha wenzake mto, risasi zinanyesha," Hajati akajibu. "Aliwabeba mgongoni, mmoja mmoja. Baba yangu alinihadithia kila Idi."

Nilishona tepe mpya, ya mwisho ikiwa na rangi za upinde wa mvua. Nilitaka kuzisugua zing'ae, Fundi Mkuu akanishika mkono. "Acha. Weusi huo ni umri wao."

Wahindi walipoamriwa kuondoka nchini, Fundi Mkuu aliniachia bakuli, tupa na patasi zake, nikaendelea peke yangu. Kisha vita vikafika. Serikali ya wanajeshi ilipokuwa inaanguka, watu waliwageukia Wanubi, waliohesabiwa kuwa watu wa serikali hiyo, hata wale ambao hawakuwahi kushika bunduki. Adhuhuri moja Hajati akaingia akihema.

"Fundi, chukua tupa, futa majina. Nakimbilia Kenya. Wakinipekua njiani wakasoma Bakhit, wananimaliza."

"Si afadhali ungezitupa mtoni?"

"Nimefika mpaka darajani. Mkono ulikataa."

Niliweka tupa kwenye ukingo wa ile ya ushujaa. Nilihitaji kuvuta mara moja tu. Nikaiweka tupa chini.

"Jina likitoka, hakuna wa kulirudisha. Niachie mimi, Hajati."

"Na wakizikuta kwako?"

"Mimi Mgisu, si Mnubi. Nitasema ni kazi ya mteja."

Alijua kwamba naogopa. Hata hivyo aliziacha.

Nilizifunga kwa kitambaa chenye nta, nikazizamisha ndani ya lami. Siku ya tatu waporaji wenye bunduki walivunja mlango. Walichukua saa, pete, hata viti. Mmoja akalipiga bakuli teke. "Hii nini?"

"Lami, afande."

Akafuta buti lake ukutani, akatoka.

Nilirudi Mbale na bakuli hilo, nikaajiriwa katika karakana moja mtaa wa viwanda. Amani iliporejea alikuja mnunuzi kutoka ng'ambo akitafuta medali za zamani, na Meneja wangu, aliyeijua siri yangu, akaniita.

"Wamono, huyo mama amekufa. Unamwekea nani?"

"Kama amekufa, ana watoto, bwana."

Alininunia wiki nzima. Ijumaa akaja na pikipiki yake. "Panda," alisema. "Twende tukawaulize Wanubi wenzake." Akanipeleka msikitini Nakaloke, na imamu akatuma salamu kwa jamaa walioko Kenya. Tulikwenda Ijumaa nyingi, tukarudi bila habari, na Meneja hakulalamika hata mara moja.

Mwishowe Hajati alifika mwenyewe, amekonda, anatembelea fimbo. Niliipasua lami kwa nyundo mbele yake. Hakujua kusoma, basi nikamsomea ukingo wa kila medali: namba, cheo, jina. Aliposikia Bakhit mara ya nne alikaa chini sakafuni akalia, na Meneja akatoka nje.

Aliniomba niandike karatasi ya kuonyesha medali zimepita kwa nani na nani, wajukuu wasije wakabishiwa kuwa ni zao. Nikaandika kwa mpangilio: Sajini Bakhit, mwanawe Rajabu, kisha Zamzam binti Rajabu. Nikamsomea.

"Umeruka mtu," alisema. "Miaka ile zilikuwa kwa nani?"

"Mimi si wa ukoo, Hajati."

"Andika."

Nimestaafu sasa, macho yamekataa kazi. Nimechonga majina ya maharusi, ya vikombe vya mpira, ya vibao vya makaburi, na mengi nimeyasahau. Langu nililiandika mara moja tu katika kazi yote, baina ya Zamzam na wajukuu zake, na liko huko mpaka leo.